NYAMA INA MUHURI, GARI KUUKUU LINA NINI?

Simama siku moja ya Jumamosi asubuhi katika Soko la Burma, hapo kando ya Barabara ya Jogoo, umtazame mama anayenunua kilo mbili za nyama. Kwanza hupita vibanda vitatu bila kusema neno. Kisha husimama, huibonyeza nyama kwa kidole, huigeuza, huinusa, na huuliza kama ni ya leo au ya jana. Muuzaji akianza kuisifu bidhaa yake, mama hamsikilizi. Macho yake yanatafuta ile alama ya wino ambayo mkaguzi huipiga juu ya mzoga kichinjioni. Asipoiona huenda zake, hata kama bei imeshushwa.

Sasa mfuate mume wa mama huyo siku iyo hiyo alasiri, anapokwenda kununua gari kuukuu la kubebea watu na mizigo. Mfukoni ana fedha za mkopo na akiba ya miaka sita. Hulizunguka gari mara moja. Hulipiga gurudumu teke. Huingia ndani, huwasha redio, na redio ikilia vizuri hutabasamu na kusema, "Hili ni zuri." Jioni gari liko mlangoni, watoto wanalipigia makofi, na hakuna hata mmoja katika nyumba ile anayejua kama injini yake imewahi kufunguliwa.

Kwa kilo mbili za nyama tuna macho manne. Kwa gari la nusu milioni tunayafumba yote.

Mimi naonelea kwamba jambo hili si la ufundi peke yake. Ni jambo la desturi zetu. Sisi wakazi wa mitaa ya Eastlands tumejifunza kununua magari, kuyaendesha na hata kuyafungua injini kando ya njia, lakini hatujajifunza kuandika habari zake. Tunaona haya kuandika. Haya hiyo imetupotezea mali nyingi, na mara nyingine imetupotezea kitu kikubwa kuliko mali, yaani jina jema la mtu. Nasema hivi kwa sababu mimi na jamaa zangu tuliwahi kulipoteza jina la mtu asiye na hatia, papo hapo Burma, mbele ya watu.

KALAMU ILIKUWAPO

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kuandika habari za gari si jambo geni kwetu. Jina lenyewe la Burma ni la nchi ya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944, kama vile jina la Kariokor, mwendo mfupi kutoka hapo, linavyotokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps. Katika vita vya pili vijana wengi wa nchi hizi walifundishwa udereva na ufundi wa magari. Na jeshini gari halikutoka langoni bila karatasi ya kazi inayoonyesha dereva ni nani na anatumwa wapi. Gari lilikuwa na kitabu chake, na matengenezo yake yaliandikwa humo. Hao walikuwa babu zetu, wala hawakuona kwamba kitabu kile kinawavunjia heshima.

Baadaye mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi, na magari madogo ya kila namna yakajaa katika mitaa yetu: Peugeot, Ford Transit, Volkswagen Kombi. Mengi yalikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Aghalabu mwenye gari, dereva na fundi walikuwa watu wa mtaa mmoja, na neno la mdomo likatosha. Ndipo ukakua ufundi wa jua kali, ulioitwa hivyo kwa kuwa mafundi wake walifanya kazi pasipo paa. Ni ufundi wa macho, masikio na mikono, na sikubaliani kabisa na wale wanaoudharau. Fundi wa Shauri Moyo huweza kuweka bisibisi juu ya injini, akatega sikio kwenye mpini wake, akakwambia ni beringi gani inayolia. Huo si ujinga.

Lakini magari ya leo hayana tena historia tunayoijua. Hutoka Japani, na kwa kanuni za Kenya gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini ikiwa umri wake umezidi miaka minane. Mpaka lifike kwa mtu wa Kaloleni au Makongeni limekwisha pita mikononi mwa watu wawili au watatu hapa hapa nchini. Kule Japani gari la mtu binafsi hupelekwa kukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, na baadaye kila miaka miwili, na matengenezo huandikwa katika kijitabu kinachokaa ndani ya gari. Wengine wetu tumevikuta vijitabu hivyo katika droo ya mbele, vimeandikwa Kijapani, tukavitupa kwa kuwa hatuvisomi. Gari linaposhuka Mombasa kalamu hukauka. Kuanzia hapo tunategemea maneno ya muuzaji.

KISA CHETU

Mwaka 2011 mimi na kaka yangu mkubwa tulinunua Toyota Hiace kuukuu yenye injini ya dizeli aina ya 3L. Kaka alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake. Mimi nilitoa akiba yangu. Mama yetu, ambaye alikuwa akiuza supu karibu na soko, alitia shilingi 40,000 alizokuwa akiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mashambani. Nia yetu ilikuwa gari hilo libebe mizigo yetu siku za kazi, na siku za Jumapili liwasaidie wanakwaya wa kanisa letu.

Muuzaji, ambaye sitamtaja, alitupa dhamana ya miezi mitatu juu ya injini na giaboksi. Aliitoa kwa mdomo, mkono wake ukiwa kifuani. Katika karatasi ya mapatano tuliyotia sahihi kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Hatukuusoma. Redio ilikuwa ikilia vizuri.

Kazi ya kulitunza gari tulimpa fundi mmoja wa Shauri Moyo, mtu tuliyekua naye, aliyekula kwa mama yetu tangu utotoni. Alibadilisha oili, alitengeneza breki za nyuma, akafunga bushi mpya. Hatukumwomba karatasi hata siku moja, na yeye hakutoa. Tungewezaje kumwomba ndugu yetu risiti?

Wiki ya saba gari lilianza kunywa maji. Kila asubuhi kaka yangu alifungua rejeta, akaona maji yamepungua kidogo, akajaza. Hakumwambia mtu, kwa maana aliona ni jambo dogo. Mchana yule kijana turnboi wetu naye alijaza, wala hakumwambia mtu, kwa maana alidhani kaka anajua. Mimi mwenyewe nilijaza mara mbili jioni. Watu watatu tulilinywesha gari lile kama ng'ombe, na kila mmoja wetu alidhani ni yeye peke yake.

Fundi aliligundua jambo hili. Siku moja turnboi alipompelekea gari kufunga taa, fundi alimwambia, "Mwambie mkubwa wako gari hili linakula maji. Aliache hapa siku moja nitazame gasketi ya silinda hedi." Kijana akaitikia. Njiani alipata wateja, akabeba mizigo, na lile neno likafia kwenye makutano ya Landhies.

Wiki ya kumi tulikuwa tukirudi kutoka Nakuru na wanakwaya kumi na wawili. Tulipokuwa tukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, mshale wa joto ulipanda nao. Kaka alisema, "Tufike Limuru tu." Hatukufika. Moshi mweupe ulijaa nyuma yetu, injini ikazima, na akina mama wa kwaya wakalala katika baridi ile, wamejifunika mablanketi ya kuazima, hadi alfajiri.

Muuzaji alitusikiliza kwa heshima. Kisha alituuliza maswali matatu. Karatasi ya dhamana iko wapi? Gari lilianza kupungukiwa na maji tarehe gani? Ni nani aliyeligusa tangu lilipotoka kwake? Kwa swali la kwanza na la pili hatukuwa na jibu. Kwa swali la tatu tulimtaja fundi wetu, na muuzaji akasema basi dhamana imekwisha, kwa kuwa gari limeguswa na mtu mwingine.

Tulirudi Burma na hasira yetu yote tukaimwaga mahali pasipostahili. Kaka yangu alisimama mbele ya kibanda cha fundi, watu wakila nyama pande zote, akamwita mwizi. Alisema fundi ametuharibia injini ili apate kazi. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema mara moja tu, "Nilimwambia kijana." Kijana, kwa hofu, alikana. Katika wiki ile ile wateja watatu waliondoa magari yao pale.

Hedi ya injini ilipopelekwa kuchongwa kwa mashine, mpimaji alituita tuone. Alituonyesha gundi nyeusi ya zamani pembezoni, akapima unene wake, akasema, "Hedi hii si mara ya kwanza kuchongwa." Maana yake ni kwamba kabla hatujalinunua, injini ilikuwa imewahi kuchemka na kufunguliwa. Fundi wetu hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la zamani, na kunyamaza kwetu kulilikuza.

DHAMANA YA MDOMO

Wasomaji wengi watasema, "Mngemshtaki muuzaji." Hebu tutazame sheria inasema nini, maana wengi wetu hatuijui.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, yaani Sura ya 31 ya sheria za Kenya, husema kwamba mfanya biashara anapouza bidhaa za aina anayoishughulikia, kuna sharti linalohesabiwa kuwapo hata kama halikutajwa: kwamba bidhaa ziwe katika hali ya kufaa kuuzwa. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria iyo hiyo husema kwamba ikiwa mnunuzi amezikagua bidhaa, sharti hilo halimlindi kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ungalizifunua. Na ule mzunguko wetu mmoja na teke la gurudumu, muuzaji atauita ukaguzi!

Iko pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, iliyokuja baada ya kisa chetu. Sheria hiyo ina sehemu nzima juu ya utengenezaji wa magari. Inamtaka mtengenezaji atoe makadirio ya gharama kabla ya kazi, apate idhini ya mwenye gari, amrudishie vipuri alivyovitoa, na aidhamini kazi yake. Ni watu wangapi katika mitaa yetu wamewahi kuidai haki hii? Sijakutana na mmoja. Sheria ni kama shoka lililoning'inizwa ukutani. Halikati kuni lenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia, "Gari hili lina dhamana," usifurahi upesi. Muulize mambo manne, nawe uyaandike hapo hapo. La kwanza, ni sehemu gani za gari zinazodhaminiwa? Wengi husema injini na giaboksi, na kumbe pampu ya dizeli, rejeta na jenereta hazimo. La pili, ni kwa miezi mingapi au kilomita ngapi, na mita ilisoma nini siku ya kununua? La tatu, ni nani anayeruhusiwa kulifungua gari katika muda huo? La nne, likiharibika, muuzaji atalitengeneza kwa fedha zake, atachangia nusu, au atarudisha fedha? Muuzaji mwema atayajibu maswali hayo na kutia sahihi. Asiyetaka kutia sahihi amekwisha jibu.

"KWANI HUNIAMINI?"

Najua neno litakalosemwa juu ya makala hii. Ukimwomba fundi wa jua kali aandike alichokifanya, hukutazama kwa huzuni na kusema, "Kwani huniamini?" Na sisi, kwa kuwa tumelelewa kuheshimiana, huona haya tukakunja midomo.

Lakini hebu tujitazame katika mambo mengine. Akina mama wa Burma wana vyama vyao vya kuchangiana. Kila Jumapili daftari hufunguliwa, jina huitwa, shilingi huandikwa, na hata dada wa tumbo moja huandikiana. Je, umewahi kumsikia mmoja wao akisema ametukanwa? Akifa mtu, kamati ya mazishi huandika kila mchango, hata wa shilingi hamsini, na mwisho husomwa mbele ya wafiwa. Mahari nayo huhesabiwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na tena hao ni watu wanaotaka kuwa jamaa. Tunaandika kwa sababu tunapendana na hatutaki kugombana kesho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba fedha si mali peke yake. Urafiki nao ni mali.

Laiti tungalikuwa na daftari la shilingi ishirini, kaka angaliandika, "Jumatatu, maji lita moja." Turnboi angaliandika, "Jumatatu, maji nusu lita." Jumatano mtu yeyote ajuaye kusoma angaliona kuna hatari. Fundi angaliandika, "Gasketi ya hedi itazamwe," na neno lake lisingalifia njiani. Muuzaji angalionyeshwa tarehe ya wiki ya saba. Na wanakwaya wasingalilala barabarani. Anayelindwa zaidi na daftari ni fundi mwaminifu, kwa maana yule mdanganyifu hupenda sana mambo yasiyoandikwa.

Wako pia wanaosema kuwa hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba maskini hana fedha za kununua vipuri halisi wala za kufuata ratiba. Naelewa. Nimesimama Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, nikashika pedi za breki za bei tatu mbalimbali na mfukoni nina fedha za ile ya chini. Daftari haligeuzi kipuri kibaya kuwa kizuri. Lakini litakuonyesha kwamba pedi za bei ya chini umezinunua mara nne kwa mwaka, na kwamba zile ghali zingekuwa rahisi. Maskini ndiye asiyeweza kununua kitu kile kile mara nne.

KUTENGENEZA AU KUUZA

Liandikwe nini basi? Mambo si mengi. Tarehe, kilomita zilizoonyeshwa na mita, kilichoonekana, kilichofanywa, nani aliyekifanya, na fedha zilizotoka. Oili imebadilishwa lini na ni ya aina gani. Maji yameongezwa kiasi gani. Injini nyingi za dizeli za Toyota za zamani, kama hizo za 2L, 3L na 5L, zina mkanda wa ndani ambao mafundi huuita taimingi-belti, nao hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu hugongana na pistoni, na mkanda wa bei ndogo hugeuka kuwa hasara ya injini nzima. Mtu asiyejua uliwekwa lini anaendesha huku ameketi juu ya bomu.

Magari mapya zaidi yana mitego yake. Baadhi ya Toyota Noah na Voxy zinazoletwa sasa zina giaboksi isiyokuwa na gia za kawaida, inayotumia mkanda wa chuma, na oili yake si ile ya giaboksi nyingine za otomatiki. Fundi asiyejua akiitia oili ya kawaida, gari huondoka pale likiwa zima na kuanza kuharibika taratibu. Miezi mitatu baadaye nani atakumbuka ilitiwa oili gani, kama haikuandikwa?

Kabla ya kununua, fika asubuhi wakati injini ingali baridi, na uombe isiwashwe kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, yawezekana maji yamechanganyika na oili. Tazama chupa ya maji kama ina mafuta juu yake. Washa, kisha simama nyuma. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Mweusi, dizeli ni nyingi kupita kiasi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda. Mchukue fundi wako mwende pamoja, na umlipe kwa siku yake hata kama gari hukulinunua. Fedha hizo ndizo za muhuri.

Hali kadhalika, daftari hukusaidia kuamua lini kuacha. Wengi wetu huliacha gari kwa hasira au hulishikilia kwa mapenzi. Husema, "Nimekwisha tia laki mbili, siwezi kuliuza sasa." Hizo laki mbili zimekwenda, hazirudi kwa kuongezewa ya tatu. Jumlisha matengenezo ya miezi kumi na miwili iliyopita, uyalinganishe na kile gari lilicholeta au lilichokuokolea. Kama matengenezo ni breki, matairi, bushi na oili, hayo ni chakula cha gari, vumilia. Kama ni jambo moja linalorudi, kila mara kwa gharama kubwa zaidi, huo ni ugonjwa, na dawa yake huenda ni kuuza. Ukiamua kuweka injini nyingine iliyotumika, usisahau kwamba nambari ya injini imeandikwa katika logibuku. Injini iliyobadilishwa kimya kimya humngoja mnunuzi wa baadaye kama shimo lililofunikwa majani.

TULIVYOMALIZA

Kisa chetu hakikuishia kwenye matusi. Mama yetu, aliposikia habari ya ile hedi, hakusema neno juu ya elfu zake arobaini. Alifunga kibanda cha supu saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika kaka yangu mkono, mtu mzima mwenye watoto watatu, akaenda naye hadi Shauri Moyo. Mimi nilifuata nyuma. Turnboi naye aliletwa, akasema kweli huku analia.

Kaka yangu aliomba msamaha kwa sauti ile ile aliyotukania, ili waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Fundi alikaa kimya kitambo. Kisha alisema, "Mimi nimesamehe kwa ajili ya mama. Lakini wale wateja watatu hamtanirudishia." Na kweli, mmoja tu ndiye aliyerudi.

Fundi alikubali kuifunga upya injini yetu kwa sharti moja. Alimtuma mtoto dukani kununua daftari la shule la kurasa 96, akalitoboa pembeni, akalifunga kwa waya chini ya dashibodi. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa mwandiko wake mzito kila kipuri alichofunga, na vile vya zamani alivitia katika gunia akatupa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeongeza hata maji bila kuandika.

Tuliliuza gari lile mwaka 2019. Mnunuzi wa kwanza alilizunguka, akalipiga gurudumu teke, akauliza kama redio inalia. Wa pili alikuwa kijana mmoja wa Jericho. Aliona madaftari matatu, akaketi juu ya kreti, akasoma kwa zaidi ya saa moja. Alisoma hata ule ukurasa wa hedi iliyochongwa mara mbili, ambao hatukuung'oa. Kisha alitoa bei iliyopita ya yule wa kwanza, akasema gari ambalo anajua ubaya wake ni afadhali kuliko lile ambalo haambiwi ubaya wake. Paa la mama likaezekwa mwaka ule.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa una gari kuukuu au unanuia kununua moja, usingoje serikali ikuwekee mkaguzi wa kulipiga wino kama nyama ya Burma. Pita dukani leo ununue daftari. Na kesho ukimpelekea fundi wako gari, mpe kalamu kwa mikono miwili. Akikuuliza kama humwamini, mwambie kwamba unataka kuendelea kumwamini hata siku gari litakapowazimia mlimani.